Injinia Apiga Window

Kuna familia zinazorithishana mashamba. Hii ilirithishana ulimi. Humo ndani hakuna aliyewahi kusema jambo likatoka limenyooka. Ukichelewa mezani utaambiwa, "Karibu mheshimiwa, tulikuwa tunakusubiri utufundishe kula." Ukivunja kikombe utapewa pongezi kwa kupunguza vyombo vya kuosha. Mama mtu ndiye aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule hiyo, na mwanafunzi wake hodari alikuwa binti yake wa mwisho, kitindamimba, ambaye kila mtu alimwita Kitinda.

Kaka mkubwa peke yake ndiye aliyefeli somo. Huyo walimwita Injinia. Jina alilipata siku alipofungua pasi nzima ili "aiboreshe", akaifunga tena huku skrubu kadhaa zikibaki mezani, na pasi isipate moto mpaka kesho. Kejeli hiyo aliipokea kwa mikono miwili kama cheo. Hata sasa akipiga simu husema, "Injinia hapa." Kumdhihaki mtu wa namna hiyo ni kumpigia mbuzi gitaa.

Kitinda alikuwa mshonaji, akikaa na Mama katika chumba na sebule chini ya ngazi za ghorofa la wapangaji. Sebuleni palikuwa na cherehani, marundo ya sare za shule, na kompyuta ya kuchezea magemu aliyoinunua mtumba, yenye taa nyekundu ubavuni na feni iliyokoroma kama mlevi. Watu walimcheka. Mwanamke mzima na magemu! Yeye aliwajibu kwamba akikua ataacha.

Hawakujua alichokuwa akikifanya. Katika gemu moja la kujenga, Kitinda alikuwa amejenga upya, tofali baada ya tofali, nyumba yao ya zamani. Nyumba yenyewe ilisimama papo hapo penye ghorofa. Baba alipofariki, Injinia alisema imechakaa, akaleta tingatinga, akamuahidi Mama makazi ya kisasa. Makazi hayo ndiyo hicho chumba na sebule, ambako nyayo za wapangaji humpitia Mama kichwani tangu alfajiri.

Basi kila alasiri Mama alivaa miwani, akakaa kwenye kiti cha Kitinda, akashika mausi na kuingia nyumbani kwake. Alipita barazani penye kiti cha marehemu, akaingia jikoni, akachungulia kisima. Mara nyingine alimwagiza Kitinda asogeze kabati kidogo, na Kitinda akasogeza. Ndiyo saa pekee ya siku ambayo Mama hakumkejeli mtu.

Injinia hakuambiwa. Kumwonyesha nyumba ile kungekuwa kumshtaki, na Mama, pamoja na ukali wote wa ulimi wake, kwa jambo lile hakuwahi kumtupia mwanawe hata neno moja. Hilo alilimeza zima.

Lakini mashine ilizeeka. Mama akifika koridoni, picha inaganda. "Nimekwama tena mlangoni kwa baba yenu," husema. "Hata alipokuwa hai alikuwa mzito wa kufungua."

Injinia akasikia kwamba kompyuta inasumbua. Hakuitwa, watu kama yeye hawaitwi, hufika tu. Akaingia asubuhi moja na maboksi kwapani, miwani puani na bisibisi sikioni, akalivua lile boksi la kompyuta ubavu wake, akacheka.

"Shikamoo, kaka," alisema Kitinda.

"Marahaba. Hii unaiita kompyuta? Hili ni banda la kuku. Tazama nyuzi zilivyojaa kwenye feni! Nakuwekea mazabodi mpya, RAM mpya, diski mpya nyembamba kama jojo la kutafuna. Halafu nakupigia window mpya, ile programu ya kuiendesha. Itapaa hii."

"Sisi akina yakhe tunashukuru," alisema Kitinda. "Tulikuwa tumekaa gizani tukingoja mkombozi."

"Usijali," alisema Injinia kwa upole, maana hakusikia mwiba wowote.

Akachomoa bodi ya zamani, akachomeka mpya. RAM ikakataa kuingia. Akaisukuma, akaigeuza, akaisukuma tena huku akimtukana aliyeitengeneza, mpaka Kitinda akamwonyesha kwamba mkato wa RAM na mkato wa kitako chake hailingani hata kidogo.

"Najua," alisema Injinia. "Nilikuwa naijaribu."

Akaondoka kwenda kubadilisha, akarudi akimlaumu muuza duka. Kitinda alikuwa anabandika pindo, pini zimejaa mdomoni, na sare zilitakiwa shuleni siku hiyo hiyo. Hasira zilikuwa zimemfika kooni. Hapo ndipo Injinia alipoinua diski ya zamani, akaitikisa kama yai viza.

"Hii nayo? Naifuta nianze upya. Ndani kuna kitu cha maana, au ni magemu yako tu?"

Kitinda akatema pini. Jibu lilikuwa jepesi: ndiyo, kuna kitu, usiguse. Mtoto wa familia nyingine angelisema. Lakini yeye alilelewa pale, na lile "magemu yako tu" lilimchoma, na majibu ya familia ile hutangulia mdomoni kabla ya akili kuvaa viatu.

"Kitu cha maana kitoke wapi, kaka?" alisema. "Kwa mtu kama mimi? Futa tu. Tena ukimaliza nifute na mimi."

Angekuwa mwingine yeyote katika ukoo ule, angeiweka diski chini polepole, kama mtu aliyeshika bomu. Injinia alisema, "Sawa."

Kitinda akajifunga kanga, akabeba sare, akatoka akijipongeza kwa jibu tamu.

Aliporudi, mashine ilikuwa inawaka bila kelele. Injinia alijiegemeza kitini kama bwana harusi. "Umeona? Sekunde tu imewaka. Na ile diski nimeisafisha, nikakujazia muvi humo humo mpaka pomoni, kuipima nguvu. Mtaangalia mwaka mzima."

Kitinda akashika mausi. Akatafuta hapa, akatafuta pale. Akavuta stuli akakaa.

"Umefuta."

"Si uliniambia?"

"Nilikuwa nakukejeli, kaka! Maisha yako yote watu wanakukejeli, mara moja tu hukuweza kusikia?"

Injinia akaiweka bisibisi mezani. Huenda miaka yote, kuanzia ile pasi, ilimpitia mbele ya macho na kila jambo likapata maana mpya. Uso wake ulibadilika, na Kitinda, aliyekuwa akiingoja siku hiyo tangu utotoni, hakupata utamu wowote.

Kikombe kikagonga sahani chumbani. Mama alikuwa ameamka usingizi wa mchana. Akaja taratibu, amevaa miwani, akakaa mahali pake. Gemu likafunguka upesi kuliko siku zote. Uwanja wa majani mabichi, usio na mtu, hakuna hata jiwe.

Wote wawili wakainamisha vichwa wakingoja ulimi. Haukuja.

"Nyumba yangu iko wapi?" aliuliza Mama, kwa sauti ya mtu anayeuliza tu.

"Nyumba gani?" alinong'ona Injinia.

Kitinda akamweleza. Baraza, jiko, kisima, kiti cha baba. Alieleza moja kwa moja, bila pambo wala mwiba, na ilimwia vigumu kama kuongea lugha ya kigeni. Akamaliza kwa kusema, "Na mimi ndiye niliyemwambia afute, Mama. Kwa mdomo wangu."

Injinia alitazama ule uwanja mtupu. Alikuwa amewahi kuuona kama ule, siku tingatinga lilipoondoka. "Mama," alisema, "mara mbili."

Mama hakumkatalia. Aliinuka, akamsukumia mausi.

"Kaa."

Akakaa. Fundi wa kila kitu hakujua hata tofali moja huwekwaje. Kitinda alimshika kidole kama anamfundisha mtoto kuandika. Ukuta wa kwanza ukaenda upande. Mama akaguna.

"Endelea, mwanangu. Baba yenu siku zote alitamani choo katikati ya sebule, ila alikosa injinia."

Kitinda akashusha pumzi. Ulimi ulikuwa umerudi. Injinia naye, kwa mara ya kwanza, aliusikia. Masikio yakamwiva, akabomoa ukuta, akaanza tena.

Walifika kwenye kile kilichokuwa chumba chake. Aliinua kuta tatu, akasita kwenye ya nne.

"Dirisha langu lilikuwa linatazama wapi?"

Kitinda alikuwa na jibu tayari, lenye makali pande zote mbili. Akalimeza.

"Lilitazama mlango wangu," alisema Mama. "Ulikuwa unaogopa giza. Baba yako alilivunja la nje akalihamishia huko, ili ukiamka unione."

Injinia alivua miwani yake, akaifuta kwa shati muda mrefu. Kisha akauliza dirisha lenyewe lilikuwa la upana gani.