Bado Ina Rangi

Bia yangu ya tano ilipomwagwa kwenye sinki, nilisimama mlangoni mwa jikoni nikaitazama ikizunguka kwenye tundu, njano safi kabisa, huku baba akisuuza glasi yake taratibu kama mtu aliyemaliza kazi ya maana.

"Nyeusi," alisema. "Mtu akiiona atadhani ni chai."

"Baba, ile ni njano."

"Nimepima rangi ya bia miaka thelathini na moja, mama. Njano naijua."

Na mimi napima rangi kila siku. Kazi yangu ni kuchanganya rangi za magari. Uniletee mlango uliobonyea, nitakutengenezea rangi ile ile mpaka wewe mwenyewe usijue gari liligongwa wapi. Leo mzee aliyestaafu kiwanda cha bia, akaondoka na glasi moja nyembamba ya kupimia, ananifundisha njano. Nilichukua ndoo nikamwaga na bia yote iliyobaki, kwa sababu ndoo ya kuchachushia ninayo moja tu, na kwa sababu damu ilikuwa inanichemka.

Mdogo wangu alikuwa anaoa, na nilijitwika mwenyewe kazi ya kupika bia nyepesi ya harusi. Baba alikubali kwa sharti kwamba haitoki nyumbani kwake bia ambayo hajaipitisha. Rangi kwanza, alisema. Isipopita pale dirishani, mbele ya karatasi nyeupe, hainusi wala haionji. Kwa hiyo hakuna hata moja kati ya zile tano iliyogusa mdomo wake. Na kusema kweli, harusi ilikuwa kisingizio. Nilitaka aonje, halafu aseme ni nzuri. Hajawahi kuniambia hivyo kuhusu kitu chochote nilichokishika.

Nilijaribu yote. Bia ya kwanza nilidhani kimea kimeungua chini ya sufuria, basi ya pili nikapunguza moto na kukoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Nyeusi. Ya tatu nikaichemsha muda mfupi na kuipoza haraka kwa barafu. Nyeusi. Ya nne nikabadilisha maji, nikatafuta kimea cheupe kuliko vyote. Ya tano nikaikalisha kwenye friji wiki nzima mpaka machicha yote yakatulia chini, ikang'aa kiasi kwamba ungeweza kusoma gazeti kupitia glasi. Nyeusi, tena kama chai.

Wala haikuwa bia peke yake. Mashati yake meupe nafua mimi, na kila wiki alinirudishia moja akisema halijatakata. Sebule na jiko nilivipaka nyeupe kwa mkono wangu. Akaniuliza kwa nini nimechagua rangi ya maziwa yaliyochacha. Nilijiambia uzee umemtia ukorofi, nikaendelea kusugua kola.

Ya sita niliipika nimenuna. Asubuhi ya kuipima, zikiwa zimebaki siku nane harusi ifike, nilisuuza glasi yake, nikaijaza maji ya bomba ninywe, koo lilikuwa limenikauka. Kabla sijanywa nikakumbuka chupa iko kwenye friji. Nikaiacha glasi dirishani nikaenda kuichukua.

Niliporudi, baba alikuwa ameshaishika. Karatasi nyeupe nyuma, jicho moja amelifumba.

"Povu limekufa," alisema, "lakini hii sasa inakaribia. Ila bado ina rangi. Ipunguze kidogo."

Chupa ilikuwa mkononi mwangu, kizibo hakijatoka.

Ningeweza kusema polepole. Lakini bia tano zilikuwa zimenikaa kooni.

"Onja, baba."

"Nimesema rangi bado."

"Onja hivyo hivyo."

Sauti ilitoka kali, hata mimi haikunipendeza. Alinitazama, akanusa, akapiga funda moja. Aliliweka mdomoni muda mrefu kuliko maji yanavyostahili, halafu akameza.

Akaitazama glasi. Akautazama ukuta, kisha mkono wa shati lake.

"Shati hili ni jeupe?"

"Jeupe, baba."

"Na ukuta?"

"Mweupe."

Alivuta kiti akakaa. Hasira iliniishia yote, nikabaki naona aibu. Miezi mitano nimegombana na macho ya mzee wangu, mimi ninayelipwa kuona rangi.

"Labda ni mtoto wa jicho," nilisema. "Siku hizi wanamtoa."

"Zote tano ulimwaga?"

"Zote."

Akamwaga maji kwenye sinki, akaninyooshea glasi. "Mimina hiyo yako."

Nilifungua nikamimina. Safari hii hakuipeleka dirishani. Aliishika tu, uso kwangu.

"Ina rangi gani?"

Nikamjibu kama ninavyowajibu wateja. "Njano ya majani makavu, iliyopauka. Haina wingu. Povu jeupe."

"Imepita?"

Sikuwahi kuulizwa swali hilo katika nyumba ile.

"Imepita."

Ndipo akanusa, akanywa. Alikunywa mpaka povu likabaki chini ya glasi, akajifuta mdomo kwa shati lile jeupe.

"Uchungu umezidi kidogo," alisema, akaninyooshea glasi nimwongeze.