Saa Moja na Nusu Hadi Upernavik

Kutoka kwetu Qaanaaq, huku kaskazini kwenye barafu, hadi Upernavik ni kilomita mia sita na kitu, na ndege huchukua kama saa moja na nusu. Hiyo ni hesabu ya watu wa kusini. Sisi husafiri siku anga linapokubali, na mwezi wa Agosti anga letu lina kiburi.

Mama mkwe wangu, Tukummeq, alikuwa amelazwa hospitali ya Upernavik na hali yake ilikuwa mbaya. Jumatano kulikucha na jua, ndege ikaja, na mume wangu Ussarqak alikuwa na nafasi. Hakupanda. Mama yake alikuwa amelalamika kwenye simu kwamba viazi vya hospitali vimemchosha, na kwetu huendi kumwona mgonjwa mikono mitupu. Nyangumi wenye pembe walikuwa wameonekana ghubani. Basi akachukua kayaki, mtumbwi wake mwembamba, na chusa, akasema atapanda ndege ijayo na mattak, ile ngozi ya nyangumi yenye mafuta. Nilimwambia apande, nyama tutaituma. Akanijibu kwamba mimi nimelelewa dukani, sijui mambo ya wawindaji. Mwanamume akishika chusa, masikio huyaacha nyumbani.

Alimpata nyangumi, simnyimi sifa yake. Kesho yake ukungu ukaingia, ukakaa. Kila asubuhi tulibeba sanduku la mattak hadi uwanja wa ndege, na kila asubuhi Mads, mfanyakazi wa pale, alitikisa kichwa kabla hatujauliza. Ussarqak akaacha kula. Maneno makali niliyokuwa nimemwekea nikayameza.

Jumanne alimpigia mama yake simu.

"Mama, nina mattak yako hapa. Laini kabisa."

"Nani kakwambia nina njaa?" Sauti yake ilikuwa imebaki nyembamba. "Mtu mgonjwa hulalamika tu, mwanangu. Mimi nilikuwa nakutaka wewe."

"Ni ukungu, mama."

"Na Jumatano je? Hapa jua liliwaka mchana kutwa. Niliomba wanisogeze dirishani."

Nadhani mama alimhurumia, maana alimuuliza kama mnyama mwenyewe alikuwa amenona. Akasema ndiyo, amenona. Mama akasema vizuri. Kesho yake, kabla ya chakula cha mchana, akafariki.

Ijumaa kukawa kweupe peee, ungedhani mbingu hazijawahi kumkosea mtu. Ndege ikatua na jeneza. Mads, maskini, alitafuta neno la kufariji akakosa, akasema upepo uliisukuma ndege, imefika kabla ya wakati.

Ussarqak aliweka mkono juu ya jeneza.

"Ilikuwa zamu yangu kuja, mama," alisema. "Mbona umechoka kunisubiri?"

Kisha akakaa chini kwenye kokoto, mbele ya watu wote, akalia. Nikakaa naye.