Reli ya Spoki

Nilitoka Sikonge na baiskeli iliyonifia njiani, nikafikia kwa Humaidi bin Muhanna. Mimi sijui kutulia mahali, na Tabora nzima nina mlango mmoja tu wa kubisha, ndio huo wake. Safari ile hata karibu sikupewa sawasawa. Aliliona gurudumu langu limepondeka, akalichukua kama mtu anayepokea mtoto.

"Spoki hizi," akasema, "usizitupe."

Kumbe Humaidi, muuza nguo mwenye mvi zake, alikuwa anajenga reli ya mfano sebuleni, juu ya ubao mpana. Spoki ndizo reli zenyewe, vijiti vya mninga ndiyo mataruma ya kuzibeba, na kichwa cha treni ni kopo la maziwa lenye mashine ya saa ya mezani tumboni. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza, na moto wa kuanza anaujua aliyelala nyumba moja naye. Alfajiri anagonga, chakula kinapoa, wateja wanasubiri dukani. Mkewe Zeyana alilalamika kwamba sasa ameolewa na stesheni masta. Humaidi akamwambia ashukuru, stesheni masta ana mshahara.

Alianza na kipande cha karibu na Kigwa, kwa sababu ndiko alikokuwa akikaa Ngollo, mama wa Kinyamwezi aliyemnyonyesha Humaidi baada ya mama yake mzazi kufariki. Nyumba ya kwanza kuibandika ilikuwa ya Ngollo: kiberiti chenye paa la nyasi. Akaongeza nyingine, zote kwa safu, kusini mwa reli; ya mwisho aliibandika vibaya, ikakaa upande.

Huo ulikuwa mwaka wa kuhamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa. Masolwa, kijana aliyepewa kazi hiyo upande wa Kigwa, alipita kununua kitambaa, akaitwa ndani aone. Aliinama juu ya ubao kwa muda mrefu. Akauliza mbona nyumba ziko kusini, na watu wanakaa kaskazini. Humaidi, kwa raha ya kusifiwa, akamjibu kwamba huku ndiko kunakofaa zaidi. Masolwa akatoa kalamu, akachora nyuma ya pakiti ya sigara. Sisi tukadhani kapenda mchezo. Humaidi akamwongeza kahawa.

Mvua zilipoanza tukapanda treni kwenda upande wa Kigwa, mimi naye, akaangalie paa la stesheni lilivyokaa na kumjulia hali mama yake Ngollo. Njia nzima Humaidi kichwa kiko dirishani, abiria wanamtania kwamba dereva yuko mbele.

Tuliposhuka tukarudi kwa miguu kando ya tuta la reli. Kaskazini tulikuta kuta zisizo na paa na vyungu vilivyopasuka. Humaidi akageuka kusini, akasimama. Kule mbugani, kwenye udongo mweusi unaotuamisha maji, vibanda vipya vilikuwa vimepangwa safu moja, vinatazama reli. Cha mwisho kilikaa upande upande, vilevile kama kiberiti alichokibandika vibaya.

Ngollo alikuwa amekaa juu ya kitanda, nje, miguu ya kitanda imezama matopeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetufuata na huku?"

Alieleza bila hasira. Walivunjiwa nyumba, wakaambiwa huku kumepimwa na mtu wa mjini mwenye utaalamu. Maji wanayafuata kulekule walikotoka. Nyumba yake mpya ilianguka kwa mvua ya pili.

Humaidi alijaribu kukaa, hakukuwa na pa kukaa. "Aliyepima ni mimi," akasema, na akamweleza yote, kiberiti kwa kiberiti.

Ngollo alimsikiliza. "Kule kuna kisima, kuna makaburi ya wanangu. Ulipaonea ubaya gani?"

"Ubao umegusa ukuta upande wa kaskazini, mama. Upande ule mkono wangu haufiki."

Ngollo akautazama ule mkono. Kisha akamwambia aende akamwambie Masolwa hivyohivyo.

Tulimkuta ofisini kwake. Alisikiliza mpaka mwisho, hata kucheka hakucheka. Akasema taarifa imekwisha kwenda kwamba kijiji kimekamilika, na wakubwa wamesifu sana jinsi nyumba zilivyopangwa. Wameagiza na vijiji vingine, mpaka kule Usoke, vifuate mchoro uleule.