Makala Mbili za Baba Mkwe

Mwandishi wa michezo alikuwa na kazi mbili, moja ikimpa mshahara na nyingine ikimnyima raha. Ya kwanza ni kuandika gazetini, kila mwanzo wa msimu, utabiri wa wachezaji wa gofu. Ya pili ni kumsomea baba mkwe wake utabiri huohuo siku ya Jumapili. Mzee alikuwa bingwa enzi zake na bado alijitosa mashindanoni akiwa na miaka sabini na moja, ila macho yalikuwa yamechoka, na miwani alisema ni ya vikongwe.

Sasa wewe ungethubutu? Gazetini aliandika ukweli, kwa kuwa mhariri hakutaka porojo: mikono ya bingwa inatetemeka, mpira unawafuata watazamaji, astaafu. Akishaketi kochini kwa mzee, alikodolea macho gazeti lilelile na kutunga sifa papo hapo. Mzee alitikisa kichwa kwa raha, na mama mkwe akamwongezea mkwe nyama. Mkewe hakuwahi kufungua kurasa za michezo, na watu wa kiwanjani walimwogopa mzee kuliko fimbo zake. Kwa hiyo miaka sita mwandishi alikula nyama ya uongo, wala haikumkaba.

Mwaka huu alijiachia. Aliandika kwamba bingwa akimaliza msimu bila kumpasua mtu kichwa, apewe kombe la huruma. Mhariri alicheka mpaka akamwaga chai.

Jumapili alimkuta mzee kochini na miwani mipya puani, mikubwa kama vifuniko vya sufuria. Binti yake ndiye aliyempeleka kwa daktari wa macho, akasahau kumwambia mumewe. Gazeti lilikuwa mapajani, limefunguliwa kurasa za michezo. Mwandishi aliona nyama, heshima, na pengine ndoa yenyewe, vyote vikienda zake.

"Kaa, mwanangu," mzee akasema. "Leo nakupumzisha. Nasoma mwenyewe."

Mama mkwe alitoka jikoni na mwiko mkononi. Mkewe alisogea. Mzee alikohoa, akaweka kidole palepale penye kombe la huruma.

"Bingwa yuko moto," akasoma. "Vijana wakae chonjo. Mikono yake imetulia kama ya fundi saa."

Mwandishi aliinua uso. Mzee hakumtazama. Aliendelea, sifa juu ya sifa, mpaka akajipa nyingine ambazo hata mwongo mzoefu angezionea haya, kwamba akina mama humiminika kiwanjani kumwona. Hapo mama mkwe aliguna. Mwandishi alishusha pumzi, akampenda mzee yule kwa moyo wake wote, nusura alie.

"Haijaisha," mzee akasema, akahamisha kidole kwenye tangazo la magodoro. "Hapa wanasema mwandishi wa makala hii ameomba kumbebea bingwa mfuko wa fimbo msimu mzima, kila Jumamosi kuanzia alfajiri. Na bingwa akipiga, yeye atasimama mbele ya watazamaji, asije akapasuka mtu kichwa."

Mkewe alimtazama kwa fahari ambayo hakuwahi kuiona tangu siku ya harusi.

"Mbona hukuniambia?" akamuuliza.

Mwandishi aliuangalia mfuko uliosimama kando ya mlango, fimbo kumi na nne na mwavuli.

"Nilitaka msome wenyewe gazetini," akasema.