Nukta Tatu za Haidrojeni

Mtafiti alipofungua ripoti aliyoiandika pamoja na mkuu wake asubuhi ile, damu ilimchemka. Nukta tatu zilikuwa zimefutwa kwenye grafu yake. Kwa miaka sita alikuwa akipima gesi ya haidrojeni katika galaksi za mbali, ile ambayo bado haijawa nyota, ili ajue imepungua kiasi gani tangu zama za kale za ulimwengu.

Aliingia ofisini kwa mkuu wake bila kubisha hodi.

"Nani amefuta nukta zangu?"

"Mimi," mkuu alisema, akikoroga chai. "Kasi ya kuzaliwa kwa nyota imeshuka mara kumi, lakini kwa nukta zako gesi inayozaa nyota hizo imepungua kwa nusu tu. Watatucheka, mdogo wangu."

"Kazini mimi si mdogo wako. Nimepima, ndivyo ilivyo. Kama hatujui sababu, tuandike kwamba hatujui."

"Umechelewa. Jarida limeshaipokea ripoti."

Mtafiti alitoka, akawaandikia wahariri wa jarida waondoe jina lake kwenye ripoti, na akawaambatishia nukta zote tatu.

Wiki iliyofuata jarida liliirudisha ripoti bila kuichapisha. Mkuu alimpita koridoni bila salamu. Naye, bado ana hasira, hakumsalimu.