Jini la Friji

"Jini lako ulichukue, Mwanahija! Kila nikishika friji, linanipiga!" Kazija alimfokea jirani yake.

"Ningekuwa na jini, shoga, ningelituma linifulie," alijibu Mwanahija. Lakini nusu ya mtaa ilishajaa uani kwa Kazija, na jina la uchawi likikuganda halitoki kwa sabuni. Akaona dawa ni moja: kumwita fundi Likwata, aliyefunga umeme wa nyumba ile.

Likwata aligusa friji kwa testa, bisibisi ya kupimia umeme, taa yake ikawaka. Akalifuata kwa macho bomba la chuma lililobeba waya ukutani, mara akacheka. Katikati pamechomekwa kipande cha plastiki.

"Bi Kazija, bomba hili ndiyo ethi yenyewe. Umeme ukivuja kwenye friji, unapita humu kwenda ardhini; plastiki hii imeuzuia. Nani kalikata?"

"Mimi," alisema Kazija kwa sauti ndogo. "Nilidhani kazi yake ni kuficha waya tu."

"Na kipande cha chuma kiko wapi?"

Kazija akatazama vidole vya miguu. Mwanahija akachungulia sebuleni. Pazia jipya, lile Kazija alilowatambia majirani wiki nzima, lilining'inia kwenye kipande cha bomba la chuma.

"Jamani, njooni mlione jini!" Mwanahija akapiga kigelegele. "Limevaa pazia!"

Watu walicheka mpaka kuku wakakimbia. Kazija alijifunika uso kwa kanga, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Nisamehe, shoga. Likwata, zima umeme urudishe bomba lako. Mwanahija, ingia tule, wali na pweza tayari. Maji tutakunywa ya mtungini."