Nakala Zilizozimwa

Shangazi yangu ana vitabu maelfu kwenye kompyuta, na chini ya kila kimoja alichokisoma huniambia niandike neno: nini kimemfurahisha, nini kimemuudhi. Tangu kumbukumbu zianze kumponyoka, maneno hayo ndiyo yanayomwambia kitabu amekwisha kukipitia au bado. Bila hayo huanza upya, akifika katikati anashikwa na wasiwasi: "Mbona huyu mtu namjua?"

Tatizo lilikuwa mwendo. Kila nikibonyeza kuhifadhi, programu iliandika maelezo kwenye faili lake kuu, kisha ikaandika nakala ndani ya folda ya kitabu chenyewe. Kiduara kinazunguka, sisi tunasubiri. Kikija kusimama, shangazi ameshasahau alichotaka kuongeza.

"Kompyuta gani hii, inafikiri kuliko mimi!"

Mume wa dada yangu ni fundi wa kompyuta. Akaja, akachungulia. "Kinachowachelewesha ni hizi nakala. Nazizima kwa muda, Mama huyu, shangazi yenu, amwage ya moyoni. Mkimaliza niiteni niziwashe."

"Na faili kuu likiharibika?"

"Shemeji, usiniletee uchuro."

Akazizima. Basi shangazi akafunguka kama ambavyo sijawahi kumsikia. Kitabu cha mjane na mshona viatu kilimtoa maneno mpaka vidole vikaniuma. Humo aliingiza na habari za marehemu mumewe ambazo hata dada hazijui. Mkimaliza, alisema shemeji. Lakini tulikuwa hatumalizi.

Umeme ukakatika nikiwa katikati ya kuhifadhi. Uliporudi, faili kuu likagoma kufunguka.

Shemeji akaliunda upya kutoka zile nakala za kwenye folda. Vitabu vyote vikarudi, na maoni ya zamani pia. Yale mapya hayakuwa na nakala popote. Akabaki anakitazama kioo cha kompyuta, miwani mkononi.

"Shemeji, nimewaponza."

"Tulikubaliana wote," nikamwambia. Akaziwasha nakala, akaondoka bila kunywa chai.

Shangazi akaja kuketi. Akagusa jalada la mjane na mshona viatu.

"Hiki nilishakisoma?"

Chini yake patupu. Nilikumbuka alivyocheka, alivyolia, alivyomwita mumewe kwa jina la utani. Maneno yenyewe, hapana.

"Ulishakisoma, shangazi."

"Enhe, nilisemaje?"

Nikabonyeza kuhifadhi, ingawa hakukuwa na cha kuhifadhi. Kiduara kikaanza kuzunguka.

"Subiri kidogo, shangazi. Inafikiri."